Mbebaji kwenye Meza ya Kukatia

Fundi hakuwa mtu wa michezo. Tangu ajue kushika mkasi alikuwa akishona sare za shule, na ukimuuliza habari za asubuhi, alikupa habari za suruali ambazo hazijatiwa zipu. Mteja akija na gauni linalombana hadi pumzi zinakata, Fundi hakusema haiwezekani. Alilipindua, akaangalia kwa ndani limeachiwa akiba ya kitambaa kiasi gani, akamwambia arudi Alhamisi. Neno haiwezekani alikuwa ameambiwa na daktari peke yake, mwaka jana, na hajamsamehe mpaka leo.

Daktari alikuwa anamzungumzia mdogo wake. Huyo watu walimwita Chapu, kwa sababu alikuwa fundi simu mwenye mikono myepesi ajabu: ulimwachia simu iliyopasuka kioo, ukavuka barabara kununua maji, ukirudi inawaka. Miaka thelathini na mmoja, hana mke, hana makuu. Ugonjwa ulimwanzia kwenye kidole gumba cha kulia, ukaingia kiganjani, ukahamia mkono wa pili, ukashuka miguuni. Misuli ilikuwa inanyauka. Daktari alieleza kwa upole kwamba dawa ya kuirudisha hakuna, na kwamba mwisho ungefika kwenye ulimi. Ule upole ndio uliomtisha Fundi. Alimfungia mdogo wake virago siku hiyohiyo, akamleta kwake, akamweka kwenye kiti cha mikono kando ya meza ya kukatia vitambaa, mahali ambapo angemwona kutwa nzima.

Chapu hakuililia kazi. Wala hakulia siku ya kwanza alipolishwa na kijiko. Alicholilia, tena waziwazi, machozi yanadondoka na mikono haiwezi kuyafuta, ni gemu.

Ilikuwa gemu ya kwenye runinga, ya kucheza na wenzako walio mbali, mnaingia pamoja mapangoni na kwenye mahame kupigana na madude. Kila mchezaji huchagua fani yake. Kuna wapiganaji, wachawi, wapiga mishale, na hizo ndizo fani ambazo kila mtu anazitaka. Chapu alichagua fani isiyo na wapenzi: Mbebaji. Mbebaji hana upanga wa maana wala uchawi wa kutisha. Kazi yake ni moja tu. Mwenzake anaposhambuliwa, yeye anabonyeza kitufe, na lile jeraha linamhama mwenzake linamwingia yeye. Ila lazima abonyeze pigo likiwa bado hewani. Likishatua, basi tena. Kwa miaka sita Chapu alibeba majeraha ya watu asiowajua hata sura, na vikosi vilikuwa vinamgombania. Sasa kidole gumba kilikuwa kimelala kwenye kitufe kama cha mtu mwingine.

"Nilikuwa nafika, dada," alimwambia. "Mtu akikaribia kufa, mimi nafika."

Fundi hakuelewa hata nusu ya mambo hayo, lakini kulia alikuelewa. Akamsimulia jirani yake, mwalimu wa fizikia aliyekuwa ameleta suruali ipunguzwe, naye Mwalimu akakuna kidevu akasema ipo michezo ya namna hiyo ya kuchezwa mezani. Haina skrini, haina vitufe. Mtu mmoja anasimulia mnachokiona, wengine wanasema wanafanya nini, na dadu ndiyo inayoamua nani kapata na nani kakosa. Yeye mwenyewe alicheza sana chuoni, na dadu anazo bado, hata ile ya pande ishirini. Mtu anacheza kwa mdomo tu. Hapo Fundi akaweka mkasi chini, akamwambia Mwalimu akae, tena avute kiti karibu.

Kitabu cha Mwalimu kilikuwa na fani kumi na mbili, lakini Mbebaji hayumo. Kwa Fundi hilo halikuwa tatizo. Alifungua daftari la oda, akachukua vipimo vya Mbebaji kama anavyochukua vya mteja. Ana uhai kiasi gani? Anabeba mara ngapi kabla hajachoka? Akibeba, linamuuma lote au nusu? Chapu alijibu yote, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie pale akasahau kuuliza saa ngapi. Mara tatu kwa kila mchezo, alisema, si zaidi, kwa hiyo lazima ujue lipi la kubeba na lipi la kuacha.

Jumapili iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, meza ikaondolewa vitambaa. Fundi ndiye aliyekuwa msimuliaji, ndiye pia aliyetupa dadu kwa niaba ya madude. Mwalimu alikuwa mchawi, na mchawi wake alisoma masharti mara mbili kabla ya kuwasha hata mshumaa. Wa tatu alikuwa Mjomba, kaka wa marehemu mama yao, mpaka rangi mstaafu, aliyekuja kuona vijana wanafanya nini mezani bila chakula, akaishia kupewa karatasi na yeye. Mjomba alijiandika Jenerali. Jenerali alishambulia kila kitu, hadi mlango ambao haukuwa umefungwa.

Mara ya kwanza mchezo ulimpwaya Chapu. Sheria ya Fundi ilisema Mbebaji akitaka kubeba, atupiwe dadu, ikitoka zaidi ya kumi amefanikiwa. Chapu alivumilia Jumapili mbili, ya pili akaukunja uso.

"Huyu si Mbebaji," alisema. "Hii ni bahati nasibu. Mimi sikuwa na bahati, dada. Mimi nilikuwa nawahi."

Fundi akarudi kwenye vipimo vyake. Wiki nzima alikata kaptura huku akili iko kwingine, hadi akakata miguu miwili ya kushoto, jambo ambalo halijamtokea tangu alipokuwa mwanafunzi. Siku ya Ijumaa akawa anachezea dadu tu, kairusha mezani, akaiangalia inavyokwenda. Meza ile ilikuwa ndefu, mbao zake zimelainishwa na vitambaa vya miaka ishirini. Dadu ilikwenda, ikagonga, ikapinduka, ikagonga tena, kabla ya kutulia. Fundi akashtuka. Kumbe pigo lilikuwa na hewa yake hapahapa mezani!

Sheria mpya ikawa hivi. Dude likimshambulia mtu, Fundi anatupa dadu. Dadu ikiwa bado inapinduka, Chapu akisema "nipe", jeraha ni lake. Ikishatulia, limempata aliyelengwa, hakuna mjadala. Namba kubwa ni jeraha kubwa, na mwenye jicho anaweza kukisia dadu inaelekea wapi inapoanza kuchoka.

Na Chapu jicho alikuwa nalo. Alingoja mpaka Mjomba anashika kichwa, mpaka dadu inainama kwa mara ya mwisho, ndipo alipoachia "nipe" yake, chapu, halafu anamtazama Mjomba kwa dharau. Mjomba aliokolewa mara tisa katika Jumapili tatu na bado hakujifunza kukaa nyuma ya mtu. Alidai Jenerali wake anafanya makusudi ili kijana apate kazi. Walicheka mpaka Mwalimu akavua miwani. Fundi alikuwa akijifanya anaandika, lakini moyoni alikuwa anamwambia yule daktari maneno ambayo siwezi kuyaweka hapa.

Furaha hiyo ilidumu miezi minne. Kisha Chapu akaanza kuburuza maneno. Kwanza asubuhi tu, kisha na jioni. Akiomba maji, yale maji yalichukua muda kutoka mdomoni. Jumapili moja akachelewa "nipe" mara mbili. Alisema alikuwa anawaza mambo mengine, na wote wakadakia kwamba ndiyo, hata wao walimwona anawaza.

Hapo Fundi akafanya kosa la kifundi. Kwenye mshono, mtu huacha akiba ya kitambaa, ili mwenye nguo akinenepa, utanue na asijue mtu. Basi alfajiri ya Jumapili, Chapu amelala, akachukua nta ya kulainishia uzi, akaisugua meza kutoka mwanzo hadi mwisho, akaipangusa mpaka ikang'aa. Mchana dadu ikateleza kama imeitwa na mtu upande wa pili. Chapu akawahi zote tatu. Wiki iliyofuata ulimi ukawa mzito zaidi, na Fundi akaongeza nta. Akiba ile aliitanua, akaitanua tena. Nani angemlaumu? Mimi siwezi.

Ila alisahau kwamba anashindana na fundi mwenzake. Jumatatu, akimlisha uji, Chapu alifumba mdomo akakataa kijiko. Maneno yalimtoka moja moja.

"Dadu ilikuwa inagonga mara saba. Siku hizi inagonga kumi na mbili."

Fundi akasema labda ni hali ya hewa, mbao hubadilika. Hata yeye alijisikia vibaya kwa uongo mwepesi kiasi hicho.

"Kote nimeshahurumiwa," Chapu alisema. "Chooni. Kitandani. Kwenye kijiko hiki. Pale mezani nilikuwa mtu. Ukinihurumia na pale, dada, unaniondoa."

Alichukua muda mrefu kuyasema hayo, na Fundi alilazimika kuyangoja yote, hakuna mahali pa kujificha. Alipomaliza, dada mtu alichukua maji ya moto na sabuni, akaisugua meza mpaka nta yote ikatoka. Chapu alikaa anamtazama. Alimtaka aape, akaapa. Kisha uji ukaliwa umepoa.

Ndiyo ikaja Jumapili yenyewe. Fundi tangu asubuhi alikuwa hana raha, anapanga viti, anavipangua. Alijua anachokiogopa. Akimpendelea mdogo wake, amemfukuza mezani. Asipompendelea, ulimi wake wenyewe ndio utakaomfukuza. Alipindua jambo hilo nje ndani kama lile gauni la mteja, akitafuta akiba ya mshono, na haikuwepo. Akatamani Mwalimu apate dharura, akatamani mvua. Saa nane wote wakawa wamekaa.

Walikuwa wamefika kwenye daraja la mawe, na chini ya daraja kulikuwa na dude lenye mikono sita. Mwalimu alikuwa bado anasoma masharti Mjomba aliposhuka na Jenerali wake moja kwa moja, bila kumuuliza mtu. Jenerali alikuwa amebakiza uhai kidogo sana. Fundi akamwomba Mjomba afikirie tena. Mjomba akasema yeye ana mtu wake, anajua anachofanya.

Fundi akatupa dadu.

Akasikia inagonga, moja, mbili, tatu. Alimwona Chapu anavuta pumzi. Midomo ilifunguka, shingo ikakaza, jasho likamchomoza juu ya nyusi. Tano, sita. Dadu ikagonga ya saba ikatulia juu ya kumi na tisa. Ndipo neno likatoka, zito, limepinda, lakini lenyewe.

"Ni... pe."

Mjomba alikuwa wa kwanza kusema. Alisema amesikia vizuri kabisa, kijana kawahi, dadu ilikuwa inatingishika, macho yake hayana kasoro. Akamgeukia Mwalimu amuunge mkono. Mwalimu aliinamia kitabu chake, ukurasa ambao hakuwa anausoma. Chapu hakumtazama yeyote kati yao. Alikuwa anamtazama dada yake.

Fundi alimlea huyu. Alimfundisha kufunga kamba za viatu, alimpeleka shule siku ya kwanza, alimshonea suruali yake ya kwanza ya kazi. Hakuwahi kumnyima kitu alichokuwa nacho.

"Umechelewa," alisema.

Mjomba akasukuma kiti nyuma. Alisema huu ni mchezo tu, jamani, kuna ubaya gani. Fundi akachukua kalamu, akaandika kwenye karatasi ya Jenerali kwamba amekufa. Mwandiko ukatoka kama wa mtu asiyejua kusoma.

Chapu alitikisa kichwa kukubali, polepole. Macho yalikuwa yamejaa, lakini uso haukuwa wa mtu aliyeonewa.

"Sasa tumecheza," alisema. Kisha akavuta pumzi nyingine. "Endelea."

Fundi akatazama daftari. Jenerali ameanguka, mchawi yuko mbali juu ya daraja, aliye karibu na dude ni Mbebaji peke yake. Zamu ilikuwa ya dude. Aliiokota dadu, akaishika kiganjani, na hakuitupa. Aliwaza kusema wapumzike, wanywe chai. Aliwaza kulitia lile dude kikohozi, usingizi, chochote. Chapu alikuwa bado anamtazama, anangoja kama mchezaji yeyote anavyongoja.

"Nipe mimi," Mjomba akasema.

Hakuna aliyecheka. Fundi alimwambia kwa sauti ndogo kwamba haiwezekani, Jenerali ameshakufa, na hata angekuwa hai hiyo si fani yake.

"Najua," Mjomba alisema. "Nipe tu."

Fundi alifungua daftari la oda kwenye ukurasa wa vipimo vya Mbebaji, akausoma juu mpaka chini mbele yao, asikute mahali palipoandikwa kwamba mtu mwingine anaweza kumbebea Mbebaji. Kisha akalifunga, akatupa dadu.