Kereng'ende Mwenye Soksi

Asubuhi ile Nanjala alipanda kutoka mtoni, leso imelowa hadi magotini, beseni kichwani, na ndani yake shati moja tu. Mumewe, Osundwa, alikuwa jikoni akinywa chai kwa viazi vitamu.

"Umefua shati moja tangu jua lichomoze?"

"Lilikuwa chafu sana."

"Hilo shati ni langu, Mama Weldon. Sijalivaa tangu Krismasi."

Nanjala akacheka. Mfereji wa maji ulikuwa umefika uani zamani, lakini Nanjala hakukosa nguo ya kumpeleka mtoni. Aliolewa kutoka Khwisero akiwa msichana, na juu ya jiwe lile la kufulia ndipo alipojifunza kuwatambua kereng'ende. Si wale wakubwa wanaotua mabawa wazi. Ni wale wembamba kama kijiti cha ufagio, wanaokunja mabawa mgongoni. Mwekundu anapenda nyasi. Mweusi hatoki kivulini. Wa buluu, alisema, ni wa aina mbili, na mmoja amevaa soksi nyeupe.

"Mdudu na soksi!" Osundwa akasema, kama kila mara. "Hao wote ni kitu kimoja. Umeona povu la sabuni yako."

"Wewe unaangalianga umesimama, kama askari wa kaunti. Keti. Akiwa peke yake huoni kitu. Mpaka mke wake aje."

Nanjala akachukua jembe, akaenda kupalilia mahindi. Mchana majirani walimleta wamembeba. Moyo ulikuwa umesimama.

Weldon, mwana wao, alikuja kutoka kazini Butali, akamzika mama nyuma ya migomba, akarudi. Watu wakanyolewa nywele za matanga. Wageni wakaisha. Osundwa akabaki na kikombe kimoja mezani.

Akalitoa lile shati. Halikuwa chafu. Akashuka nalo mtoni, akaketi juu ya jiwe.

Aliwaona wa buluu, kila mmoja juu ya kijiti chake, miguu imefichwa kifuani. Soksi hakuna. Kesho yake akaja tena, na keshokutwa. Jirani yake Jescah, aliyekuja kuteka maji, akamhurumia.

"Mzee, lete nikufulie hilo shati."

"Acha."

"Sasa utakaa hapa mpaka lini?"

"Mpaka mke wake aje."

Jescah akajitwika ndoo, akaenda zake bila kugeuka.

Ndipo wa kike akaja. Wa kahawia, si wa kusifiwa, akatua kwenye gogo lililooza majini. Wa buluu mmoja akaruka, akasimama hewani mbele yake, akashusha miguu, akaitikisa. Soksi nyeupe pe. Mwenzake, wa buluu vilevile, alibaki kijitini kama hakuona kitu.

Osundwa aliliacha shati pale pale. Alipanda mlima akihema, akapita mihogo, akafika uani, akaita kwa nguvu, "Mama Weldon!"

Kuku wakatawanyika. Mlango wa jiko ulikuwa umefungwa, alivyouacha.

Akazunguka hadi nyuma ya migomba, kwenye udongo ambao bado haujaota nyasi. Akavua kofia. Hapo ndipo alipotakiwa aje, maana kila walipobishana Nanjala alimaliza hivi:

"Siku ukiziona hizo soksi, Baba Weldon, usinitumie mtu. Njoo mwenyewe, useme mbele yangu."