Tulipoacha Kuwapokea Wageni Uwanjani

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa usukani. Mkuu wa Usafiri, mzee mfupi wa Machame ambaye ujana wake wote aliendesha malori, alinikabidhi ndoo na kitambaa, akaniambia nisafishe viti vya Kosta, basi dogo la hoteli, kimoja kimoja. Nilipomaliza akaingia ndani, akaenda kukaa kiti cha nyuma kabisa, akatulia kama abiria.

"Kesho utakaa hapa wewe, mimi nitaendesha," akasema. "Utaniambia ni wapi umeumia."

Nilidhani ni utani. Kesho yake kweli nilikaa nyuma, tukaenda mpaka uwanja wa ndege wa KIA na kurudi, na kwenye kila tuta aliniuliza kwa sauti, "Hapo vipi?" Kiti cha nyuma cha Kosta kiko nyuma ya ekseli, yaani ule mhimili unaobeba matairi ya nyuma. Dereva akipita tuta kwa pupa, yeye mbele anatikisika kidogo tu, lakini aliyekaa nyuma anarushwa. Siku ya tatu ndipo nilipopewa funguo. Kabla ya hapo nilikuwa nikiendesha basi la shule na kupanga chumba Kaloleni. Nilijiona dereva kamili, kumbe kuendesha nilikuwa najua, kubeba watu bado.

Hoteli yetu ilikuwa chini ya Mlima Meru, ukishapita Tengeru. Haikuwa hoteli ya watalii wa mbugani. Ilikuwa hoteli ya michezo: mabwawa yenye mabomba marefu ya kuteleza, gurudumu kubwa la kupandisha watu angani, na treni ndogo ya watoto iliyozunguka katikati ya migomba na mibuni ya shamba la zamani. Wageni wetu wengi walikuwa familia za hapa hapa nchini, kutoka Dar, Mwanza, Dodoma. Kwenye matangazo yote ya hoteli kulikuwa na maneno yaliyotuweka mjini sisi madereva: usafiri wa bure kutoka uwanja wa ndege. Ukitua KIA tunakufuata. Ukitua uwanja mdogo wa Kisongo, upande wa pili wa jiji, tunakufuata vilevile.

Vijana wanaoniuliza habari za kazi ile hudhani ilikuwa ya kusimama mlangoni na kibao. Kibao kilikuwepo, chenye jina la mgeni kwa herufi kubwa, lakini hicho ndicho kilichokuwa chepesi. Kazi ilianza asubuhi kwa kukagua gari: maji, oili, breki, upepo wa matairi. Kisha unapiga simu uwanjani kuuliza ndege. Tulifundishwa kutofautisha "imetua" na "wametoka". Ndege ikitua, mama mwenye watoto watatu na mabegi manne hajatoka bado. Ukiwasha gari mapema unachoma mafuta na kuwapandisha watu kwenye joto la injini. Mizigo mizito tuliilaza chini nyuma, myepesi juu yake, na mkoba wa maziwa ya mtoto haukuwekwa nyuma hata siku moja. Kwenye droo ya mbele niliweka tangawizi na mifuko kwa ajili ya wanaochafukwa na tumbo.

Mimi nilikuwa dereva mwanamke peke yangu, na wageni walichukua muda kunizoea. Mzee mmoja wa Dodoma aliyetua Kisongo na wajukuu zake aliniangalia ninavyopanga mizigo, akauliza, "Binti, dereva yuko wapi?"

"Ndiye mimi, baba. Shikamoo."

"Marahaba." Akafungua mlango wa mbele. "Basi mimi nikae mbele nikuangalie."

Akakaa mbele, mkono umeshika kishikio cha mlangoni. Tulipofika Sanawari, kabla hata hatujatoka mjini, alikuwa anakoroma.

Nilifanya kazi hiyo mpaka mwanangu wa mwisho akamaliza chuo. Mkuu wa Usafiri alistaafu, akarudi Machame kwenye kihamba chake, shamba la ukoo. Akaja msimamizi mwingine, naye akaondoka. Kosta ya kwanza ikachoka, ikaletwa nyingine. Hoteli ikabadili wamiliki, na wamiliki wapya wakamleta Meneja kijana, mpole, mwenye tabia ya kusalimia kila mtu kwa jina, hata wa bustani. Nasema hivi kwa sababu wenzangu wengi walimfanya kuwa mtu mbaya, na mimi sikumwona hivyo.

Alituita madereva ofisini kwake asubuhi moja ya kiangazi. Tulikuwa watatu: mimi, Pallangyo, na kijana mmoja mgeni kazini. Meneja hakuzunguka.

"Shikamooni. Nimewaita niwaambie kabla hamjasikia kwa wengine. Usafiri wa bure wa uwanja wa ndege tunaufunga."

Pallangyo, ambaye kwao ni Kikwe kama mimi na tulikuwa tukiimba kwaya moja, akauliza, "Tunaufunga, au tunaupunguza?"

"Tunaufunga, kaka. Wageni siku hizi wanaita magari kwenye simu zao. Wiki iliyopita Kosta imekwenda Kisongo mara ngapi na mtu mmoja ndani? Ninyi mnajua kuliko mimi."

Tulijua. Nilikuwa nimevuka jiji zima nikiwa na kijana mmoja nyuma, masikio yameziba kwa muziki, na viti vingine vyote vimekaa wazi. Hakuna aliyebisha. Lakini kujua sababu hakuondoi uchungu. Nilipotoka nje nilikwenda kukaa ndani ya Kosta, nikafunga mlango.

Tukapangiwa upya. Kijana mgeni akapelekwa stoo. Pallangyo alikataa kazi ya getini, akachukua haki zake, akaanza kubeba abiria wa kukodi kwa Noah, gari dogo la shemeji yake. Mimi nikapewa treni ya watoto. Ni kazi halali na sikuidharau, lakini treni ile haina gia; ina kitufe cha kwenda na kitufe cha kusimama, na inazunguka palepale. Watoto walinipenda. Jioni nilipofika nyumbani mume wangu aliniuliza, "Leo umefika wapi?" Nikamjibu, "Kwenye migomba." Akacheka, mimi sikucheka.

Miongoni mwa wageni wetu wa kila mwaka alikuwepo Mama Bhoke, muuguzi mstaafu wa Mwanza, na mjukuu wake Rhobi. Rhobi alikuwa binti wa darasa la sita, hodari wa maneno, na hakuwa na uwezo wa kutembea. Alitumia kiti cha magurudumu. Mwaka wao wa kwanza tulimbeba kumwingiza garini, naye akanuna njia nzima. Fundi wetu wa gereji alipoona hivyo akachomelea ubao wa chuma wa kuegesha mlangoni, na tangu hapo Rhobi alipanda mwenyewe kwa kusukuma magurudumu kwa mikono yake. Hakutaka mtu amguse. Alikuwa anafika juu, anageuka, anatuambia, "Haya, funga mlango."

Mwezi ule ule tulipofunga usafiri, nikiwa nimesimamisha treni watoto washuke, simu yangu ikalia.

"Mama, ni mimi Mama Bhoke. Tuko Kisongo hapa. Mbona sikuoni?"

"Mama, hukupata taarifa?"

"Taarifa gani?"

Mapokezi walikuwa wametuma ujumbe kwa wageni wote. Lakini chumba chake kilikuwa kimelipiwa na mwanawe wa Dar kwa simu yake, na ujumbe ukaenda huko. Mwana hakuusoma, au aliusoma akadhani haumhusu. Nilimweleza. Akasema kwa sauti ya chini ili mtoto asisikie, "Madereva wawili hapa wameshakiangalia kiti wakasema hakiingii. Wa tatu anasema tumlaze Rhobi kiti cha nyuma, kiti chake kifungwe kwenye keria juu ya paa. Mtoto analia."

Nilimwomba asubiri, nikaenda kwa Meneja mbio nikiwa bado na kofia ya treni kichwani. Nikamweleza yote, nikamwomba funguo za Kosta, ambayo ilikuwa imeegeshwa nyuma ya jiko.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mama, Kosta imeshauzwa. Mnunuzi anakuja kuichukua. Na bima yake imekwisha, sijaihuisha. Likitokea la kutokea barabarani, huyo mtoto nani atamlipia hospitali? Siwezi kukupa."

Nilitaka kukasirika nikashindwa, maana ningekuwa mimi ningesema vilevile.

"Basi niruhusu niende mwenyewe," nikamwambia.

"Nenda. Treni nitaweka mtu."

Nilimpigia Pallangyo. Alikuwa Tengeru anangoja mteja. Akamwachia mwenzake yule mteja akaja. Kwenye Kosta nilichomoa ule ubao wa chuma, tukauingiza kwenye Noah huku ncha yake ikichungulia dirishani, tukashika baipasi, barabara inayozunguka jiji, kukwepa foleni ya mjini. Karibu na Kisongo Pallangyo akasema, "Unajua huu ubao hautafaa. Mlango wa Noah ni mwembamba."

"Najua," nikasema. "Lakini nisingeweza kuja mikono mitupu."

Tuliwakuta kwenye kivuli cha jengo. Mama Bhoke alikuwa amesimama wima pembeni ya kiti cha mjukuu wake, mkoba mkononi, kama anayelinda mlango. Rhobi alikuwa ameshaacha kulia. Aliniangalia kofia.

"Umekuwa nani?" akaniuliza.

"Dereva wa treni."

"Kosta iko wapi?"

"Imeuzwa, mwanangu."

Tulijaribu ubao. Haukufaa, magurudumu yalikuwa mapana kuliko mlango kwa upana wa kiganja. Pallangyo aliinama kutazama reli ya mlango, akaondoa mlango wa pembeni kutoka kwenye reli yake, tukajaribu tena, ikashindikana, akaurudisha mlango. Watu walianza kusogea kutuangalia. Ndipo Rhobi aliponiita kwa kidole, nikachuchumaa.

"Nibebe wewe," akasema. "Usimwite mtu mwingine."

Nikambeba. Hakuwa mzito, lakini alikuwa amekua tangu mwaka wa kwanza, miguu yake ilifika magotini kwangu. Nilimweka kiti cha mbele, si cha nyuma, nikamfunga mkanda. Kiti chake tulikikunja nyuma, na ubao wa chuma tukauacha pale uwanjani kwa mlinzi. Pallangyo aliendesha polepole sana, mpaka wa nyuma yetu wakapiga honi, naye hakujali. Tulipofika Tengeru mlima ulikuwa umefunguka, kilele cheupe kwa mawingu upande mmoja tu, Rhobi akasema, "Bibi, mbele unaonekana vizuri zaidi." Bibi yake nyuma akajifuta macho kwa kanga.

Meneja alikuwa amesimama mlangoni kutungoja. Alifungua mlango mwenyewe, akatoa kiti, akakifungua vibaya, Rhobi akamwelekeza. Kisha akaanza kumwomba radhi Mama Bhoke. Mama Bhoke alimkatiza kwa upole.

"Baba, mimi ni mtu mzima, sigombani na mtu kazini kwake. Gari ni lenu, mkiamua kuliuza uzeni. Ila nikwambie kitu. Mimi sikuwa nakuja kwa ajili ya mabwawa, sijui hata kuogelea. Nilikuwa nakuja kwa sababu ndiyo safari pekee ambayo huyu mtoto alikuwa hamwombi mtu chochote."

Meneja akasema, "Nimekusikia, mama." Akachukua begi lake, akalibeba mpaka chumbani.

Usafiri wa bure haukurudi. Ningependa kuwaambia ulirudi, lakini haukurudi, na matangazo mapya ya hoteli yakawa hayautaji. Kilichofanyika ni hiki: kabla mwezi haujaisha Meneja alimwita fundi, wakaitengeneza Hiace ya mizigo ya jikoni, wakatoa kiti kimoja na kutia ubao mpya. Ikawa kwa mgeni asiyeweza kupanda gari la kawaida, akiomba mapema. Ilitoka mara chache. Ilipotoka, niliiendesha mimi, siku nyingine nikaendelea na treni.

Mama Bhoke na Rhobi walikuja mara moja tena, nikawafuata na Hiace. Rhobi alipanda mwenyewe, akageuka, akaniamuru nifunge mlango. Mwaka uliofuata alikwenda shule ya bweni na safari zikakoma. Bibi yake hunipigia wakati wa Pasaka.

Nilistaafu nikiwa na afya yangu, namshukuru Mungu. Nalima migomba na maharage hapa Kikwe, na magoti yananikumbusha klachi kila asubuhi ya baridi. Sioni kwamba ulimwengu umeharibika kwa kuwa watu wanaita magari kwa simu. Vijana wanaoyaendesha ni wachapakazi, wengi wanajua njia kuliko tulivyojua sisi, na mgeni hahitaji tena kungoja kwenye jua kali hadi mwenzake wa ndege nyingine afike.

Jirani yangu ana binti, Neema, anayeendesha moja ya magari hayo. Jumapili baada ya ibada alinikuta uani nachambua maharage, akaniamkia, akakaa kunisaidia. Akanionyesha kwenye simu yake alama alizopewa na abiria wa wiki ile, nyota tano karibu zote. Nikampongeza kwa dhati.

"Na ninyi, mama?" akaniuliza. "Enzi zenu abiria akiridhika alikuwa anawapa nini?"

Nilifikiri, maana hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.

"Watoto," nikamwambia.

"Watoto?"

"Mama anatoka pale mlangoni, mabegi huku, tiketi huku, mgongo umechoka. Anakuona umesimama na jina lake. Kabla hajakusalimia anakupa mtoto umshike, ndipo ageuke kutafuta mizigo."

Neema aliacha kuchambua. "Hivi hivi? Hakujui?"

"Hata jina langu hajui."

Akaitazama simu yake, akaiweka kifudifudi kwenye mkeka, akachota maharage mengine.