Mkungu wa Ndizi na Bega la Salehe

Mektrida wa Mwika alianza na kuku. Alikuwa na miaka tisa mlango ulipombana jogoo wa shangazi yake, ukamvunja mguu. Binti akaufunga kwa vijiti viwili na kamba ya mgomba, na wiki tatu baadaye jogoo alikuwa anafukuza mitetea uani bila haya. Shangazi, ambaye mwenyewe alikuwa mnyoosha mifupa, alimtazama jogoo, akamtazama binti, akasema mrithi amepatikana. Kutoka kwa kuku Mektrida akaenda kwa mbuzi, kutoka kwa mbuzi akaja kwa binadamu, na alipoolewa na Thadeus akapata mgonjwa wa kudumu.

Maana Thadeus alikuwa na ugonjwa usio na dawa, nao ni ngumi. Alikwenda vita vya Burma na bunduki ya serikali, akarudi na jozi ya glovu zilizochakaa, akazitundika ukutani karibu na msalaba. Tangu hapo ikawa leo gumba limeteguka, kesho pua imehama mahali pake. Mektrida alikuwa anainyoosha ile pua huku anamsema, na Thadeus hawezi kujibu kwa sababu pua imeshikwa. Lakini semeni mengine yote, mwanamke yule alimpenda mume wake. Alipenda hata anavyoruka kamba asubuhi kwenye umande, mtu mzima wa miaka thelathini na mbili, baba wa Basili na wadogo zake wawili, anahema kama ng'ombe aliyepanda kutoka mtoni.

Ugomvi wao ulikuwa mmoja tu, migomba. Kila Mchagga anajua kwamba kihamba, shamba la migomba linalozunguka nyumba, ni cha baba lakini ndizi ni za mama. Mwanamume mwenye akili hagusi mkungu kabla mkewe hajasema. Thadeus naye alikuwa amegundua kwamba shina la mgomba ni laini, halivunji vidole, na halirudishi ngumi. Akawa anaipiga migomba ya mkewe mmoja baada ya mwingine, mashati yake yote yakajaa madoa meusi ya utomvu. Mektrida alimkataza mara tatu. Mara ya nne hakumkataza, alimnyima chakula.

Mwaka wa hamsini na mbili, masika yakiwa ndiyo yanaanza, zikaja habari kwamba Thadeus atapigana mjini Moshi na Salehe, kijana mbeba magunia ya kahawa pale stesheni, ambaye mjini kwao walikuwa hawajapata wa kumwangusha. Mwika nzima ilisimama. Kwenye vilabu vya mbege hapakuwa na hadithi nyingine. Thadeus akaona ajifue zaidi, na alfajiri moja, mkewe akiwa anakamua ng'ombe, akajipenyeza kihambani, akachagua mgomba mzee ulioinama kwa mzigo wake. Akaupiga ngumi moja, mbili. Ya tatu shina likakatika, na mkungu mzima ukamwangukia ubavuni.

Mektrida alimkuta amelala chini ya ndizi, anatabasamu kwa aibu. Akampapasa. Mbavu mbili za kushoto zilikuwa na ufa.

Thadeus hakulilia mbavu, alililia jina lake. Alimsihi mkewe, akamshika miguu, asimwambie mtu yeyote duniani habari ya mbavu, wala kwamba bondia wa Mwika ameangushwa na ndizi. Mektrida akaahidi. Basi kijijini ikasemwa kwamba ameumia mgongo tu, kwa ngumi ya mazoezi ya Aminieli, sajenti mstaafu aliyekuwa akimfundisha, na kila Thadeus alipoisimulia ngumi ile aliitia chumvi, hadi Aminieli mwenyewe akaanza kuiogopa mikono yake.

Cha kutisha ni kwamba pambano lilikuwa limebakiza wiki mbili, na Thadeus hakutaka kuliahirisha. Watasema nimeogopa, alikuwa anasema. Mektrida alimfunga kitambaa kifuani kila asubuhi, kwa lile fundo lake la kupitisha ncha mara mbili alilofundishwa na shangazi, na kila akilikaza fundo alikuwa anawaza: akipigwa hapa mara moja tu, mfupa utaingia ndani, nami nitabaki mjane na glovu mbili ukutani. Usiku hakupata usingizi. Mganga hajigangi, na kumbe hata mumewe hamwezi.

Siku ya tatu baada ya mkungu kuanguka, Thadeus alikuwa ameteremka shamba la mahindi huko tambarare, ndipo lori la bidhaa likamshusha kijana mmoja mbele ya geti. Uso wake ulikuwa umeiva kwa maumivu, mkono wa kulia ameukumbatia kama mtoto mchanga. Shikamoo mama, akasema, nimeelekezwa kwamba hapa kuna mnyoosha mifupa. Akaeleza kwamba anafanya mazoezi ya ngumi kwa kupiga gunia la mchanga. Gunia lilisahauliwa nje usiku, mvua ikanyesha, mchanga ukanywa maji ukawa jiwe, naye asubuhi akalivaa kwa nguvu zake zote. Bega likatoka.

Mektrida hakuwa na maneno mengi kazini. Alimlaza kifudifudi juu ya benchi, mkono ukaning'inia, akafunga kikapu kwenye kifundo cha mkono, akaanza kutia ndizi kikapuni, moja moja, polepole. Uzito ulikuwa unauvuta mkono bila papara. Ili misuli ilegee ilibidi mgonjwa aongee, kwa hiyo akamuuliza anafanyia nani mazoezi hayo.

"Kuna Mchagga mmoja wa huku huku kwenu," kijana akasema, mdomo umebanwa na benchi. "Anaitwa Thadeus. Wanasema ana maneno kuliko ngumi."

Mektrida akajua huyu ndiye Salehe wa stesheni, akatia ndizi nyingine. Akatia na nyingine, hiyo kubwa kidogo. Bega likalia ko, likarudi nyumbani kwake, na kijana akashusha pumzi ndefu ya raha.

Alimkalisha, akamfunga bega kwa kitambaa, akampa bakuli la maziwa ya mgando na ndizi za kuchoma. Kisha akamwambia asirushe ngumi wala asibebe gunia kwa siku arobaini, akikaidi bega litakuwa linatoka kila akipiga chafya, na stesheni watamtafuta mbebaji mwingine. Salehe akaacha kutafuna. Macho yake yalikuwa yametua ukutani, kwenye zile glovu, na chini yake kulikuwa na picha ya askari mwenye pua iliyopinda kidogo.

Aliuliza huyo ni nani. Huyo ni Thadeus, mume wangu, akaambiwa.

Kijana akasimama, akacheka kicheko cha uchungu. Sasa ameelewa siku arobaini zimetoka wapi, alisema. Mke anamwokoa mumewe. Akaanza kulivuta fundo ili alifungue.

Jamani, pale ndipo Mektrida alipoona kila kitu kinateleza. Neno lake la mganga lilikuwa halijawahi kukataliwa na mtu. Kijana akitoka pale bila kuliamini, mkono wake umekufa, na mkono ndio uliokuwa unamlisha yeye na mama yake. Lakini kulikuwa na ile ahadi aliyompa Thadeus. Akaivunja.

"Ni kweli namwokoa," akasema. "Mume wangu ana mbavu mbili zenye ufa, kushoto, hapa. Ukimpiga hapa utamuua. Siri hiyo tulikuwa nayo sisi wawili tu, sasa umekuwa wa tatu. Kama mimi ni mwongo, fungua hilo fundo uende."

Salehe hakulifungua. Aliketi tena, akauliza kwa heshima ni bondia gani huyo wa kumvunja mtu mbavu mbili.

"Mkungu wa ndizi," Mektrida akasema.

Kijana alicheka mpaka akalishika bega kwa maumivu, na Mektrida, aliyekuwa hajacheka tangu mkungu uanguke, akacheka naye mpaka machozi yakamtoka.

Wiki hiyo hiyo Salehe akatuma ujumbe kwamba anaomba pambano lisogezwe mbele hadi mwezi wa sita. Thadeus alitembea Mwika nzima kifua mbele, akisema kijana wa mjini amesikia sifa zake akaingiwa na baridi. Mektrida alikuwa anakoroga chungu, hainui macho. Furaha ilikuwepo, mbavu zilikuwa zinaunga vizuri, lakini alikuwa amemvunjia mumewe ahadi, na jambo hilo lilimwasha kila alipomtazama anavyoruka kamba.

Siku ya pambano, kabla ya kupanda lori, Mektrida alipita mpakani mwa kihamba akachuma jani moja la isale. Hilo ni jani la msamaha. Anayeletewa hawezi kukataa, hata kama amechinjiwa ng'ombe wake. Akalificha kwenye pindo la kanga.

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mwamuzi, kwa kukosekana mwingine, alikuwa Aminieli. Salehe alipovua shati, begani mwake kulikuwa na kitambaa, na Thadeus, aliyekuwa anarukaruka kwenye kona yake, akaacha kuruka. Alikitazama kile kitambaa kwa muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Halafu kengele ikalia.

Walipigana raundi sita, nao walipigana kweli, pua ya Thadeus ikahama tena. Lakini watu walianza kunung'unika. Mara mbili kijana aliuona ubavu wa kushoto uko wazi kama mlango wa kanisa, akapiga kwingine. Mara tatu bega la kulia la kijana lilikuwa mbele ya ngumi ya Thadeus, na ngumi ikalizunguka. Aminieli akainua mikono yote miwili juu. Sare. Watu wakazomea, wakadai wametapeliwa. Mektrida peke yake alikuwa amesimama juu ya benchi anapiga makofi, machozi yanamtiririka.

Nyuma ya ukumbi alimshika mumewe pua, akainyoosha. Safari hii Thadeus hakusubiri aachiwe.

"Lile fundo nalijua, Mama Basili," akasema kwa sauti ya puani. "Limenifunga mimi miaka saba. Nikajua huyu amepita nyumbani kwangu, amekula kwangu. Sasa niambie, yeye ubavu wangu aliujuaje?"

Mektrida akafungua pindo la kanga, akamwekea jani la isale kiganjani.

Thadeus alilitazama jani, akaelewa. Akalifumbata.

"Na habari ya ndizi?"

"Na ya ndizi."

Wakati huo Salehe alikuwa anakuja kuwaaga, mkono wa kushoto amebeba mkungu alioununua sokoni, zawadi ya mama mganga. Thadeus alipouona akarudi nyuma hatua mbili, akashika ubavu wake, na wote watatu wakacheka hadi mtu mmoja akachungulia mlangoni kuuliza kuna nini.