Tanuri Moja, Mikate Miwili

Lori lilipomaliza kilima, Muyinga ikajitokeza, mji ambao Riziki hakuwahi kuukanyaga. Dereva alimwonyesha kiwanda cha mikate. "Pale ndiyo unaenda, mama. Lakini moshi iko kidogo, eh."

Mipaka ilikuwa imefungwa kwa vikwazo, na ngano iliyobaki isingefika mwisho wa mwezi. Tajiri mwenye kiwanda, aliyekaa Gitega, alimtuma Riziki asimamie tawi hili: apate mkate wenye unga wa muhogo ndani, la sivyo afunge milango na watu warudi makwao.

Mwokaji mkuu aliitwa Uthmani, mzaliwa wa Muyinga, mwenye mizaha, ambaye kabla ya vita aliwauzia maandazi madereva wa malori mpakani Kobero. Riziki alipomwomba ajaribu muhogo, alijifuta mikono taratibu.

"Mi sigusi. Msimamizi aliyekutangulia, ukiharibu mkate anakukata mshahara. Tumezoea kuoka ule ule."

Maneno hayo yalimkaa Riziki moyoni. Alidhani shida ni unga, kumbe ni woga. Kesho yake aliwakusanya wafanyakazi, akawaeleza. Moto wa alfajiri utaoka mkate wa kawaida, wateja wasikose. Moto unaobaki ni wa kujaribu, na kila mtu atafanya zamu zote mbili. Mkate utakaoharibika utaliwa pale pale, na yeye Riziki ndiye atakayeanza kuula.

Wa kwanza ulitoka kama tofali. Riziki alitafuna, wote wakiangalia taya zake.

"Bon," Uthmani akasema, "patroni aking'oka jino, tunamkata nani mshahara?"

Wakacheka. Siku chache baadaye Cibalonza, mkandaji aliyekimbia kutoka Kivu, alishauri sehemu ya muhogo ipikwe uji kwanza. Uthmani alibisha, kisha akajaribu. Mkate ukaumuka, na migahawa ikaununua.

Tajiri akaagiza Uthmani aende Gitega kuwafundisha waokaji wa huko.

"Msimamizi wa zamani si ndiye yuko kule?" Uthmani aliuliza. "Watu wanaoogopa nitawafundisha nini?"

"Nimempigia tajiri simu. Ameahidi hakuna atakayekatwa."

"Kuahidi kwenye simu ni rahisi, dada."

 Tawi lilipona, na sasa Riziki alikuwa akimtoa mtu wake bora ampeleke asikoweza kumlinda. Alimwambia hivyo waziwazi. Uthmani akaenda kuchukua koti lake.

Alipanda lori la Gitega, mbele, karibu na dereva, bila kugeuka. Riziki akaingia ndani. Cibalonza alikuwa peke yake kwenye meza ya kukandia. Riziki akavua saa, akakunja mikono ya blauzi, akashika upande wa pili wa donge.