Pushapu Thelathini Mlangoni kwa Arlène

Walinzi thelathini na mmoja wa kampuni moja ya ulinzi ya mjini Randburg wameachishwa kazi kwa sababu mashine imesema mishipa yao ya damu imezeeka. Mashine ni nzima. Ilitumiwa vibaya, na wakubwa walijua.

Aliyekuwa akiwapima ni Arlène Kasongo, muuguzi wa miaka 44 kutoka Lubumbashi. Leo saa tatu asubuhi anasuka nywele barazani kwake, mtaani Bellevue. Mteja akinyoosha mkono kuchukua chai, Arlène anamshika kifundo na kuanza kuhesabu mapigo. Mteja anacheka. Ameshazoea.

Kihisi kidogo huwekwa juu ya mshipa wa kifundo cha mkono, kikasoma wimbi la kila pigo la moyo. Mshipa uliokakamaa hupitisha wimbi haraka kuliko ulio laini. Kwa wimbi hilo mashine inakadiria umri wa mishipa. Lakini mtu anatakiwa kwanza alale kitandani dakika kumi, akiwa hajanywa kahawa wala kuvuta sigara; moyo ukienda mbio, wimbi nalo hukimbia na mishipa huonekana imezeeka.

"Alale wapi?" anauliza Arlène. "Kitanda walikijaza mafaili."

Lifti ya kufikia chumba cha kupimia ilikuwa mbovu. Walinzi walipanda ghorofa nne kwa miguu, wengine wakitoka zamu ya urefu wa saa kumi na mbili. Msimamizi wao alitaka watu arobaini wawe wamepimwa kabla ya saa sita mchana.

Siku moja Arlène alisikia mtu akihema nje ya mlango. Alimkuta Nassir, mlinzi wa miaka 39 kutoka Tanga, yuko chini anapiga pushapu.

"Papa, unafanya nini hapo?"

"Najiandaa, dada. Mashine hii haitaki goigoi. Bado nane."

Wote walikuwa wakifanya hivyo. Hakuna aliyewaeleza kinachopimwa, wakaamini ni nguvu, na aliyetaka sana kubaki kazini ndiye aliyejichosha zaidi. Msimamizi alikuwa akipita pale kila siku akiwahesabia kwa sauti, huku akicheka.

Nassir alipimwa akiwa anatiririka jasho. Mishipa yake ikasomwa miaka 66. Saa ya chakula Arlène aliondoa mafaili kitandani, akamlaza dakika kumi, akampima upya. Miaka 42.

Alipeleka karatasi zote mbili kwa msimamizi. Akajibiwa kwamba ripoti imeshatumwa, na kwamba yeye aliajiriwa kufunga watu kihisi, si kufikiri. Kesho yake kadi yake haikufungua geti.

"Nilinyamaza miezi miwili nikiona watu wanapimwa wamesimama," anasema. "Hiyo ni yangu, siikatai. Lakini yule aliwahesabia pushapu."

Yeye na Nassir wamepeleka malalamiko kwenye chombo cha usuluhishi wa migogoro ya kazi. Hawadai fidia kwanza. Wanadai wote thelathini na mmoja wapimwe upya, wakiwa wamelala.

Mpaka sasa Nassir amepoteza kazi ya miaka sita, na mwanawe amerudishwa Tanga. Arlène amepoteza mshahara wa randi 6,200 kwa mwezi. Walinzi wengine thelathini wako nyumbani wakiamini ni wagonjwa. Wawili wameacha hata kutafuta kazi.

Kuwalaza wote, dakika kumi kila mmoja, kungechukua saa tano na dakika kumi.