Sentensi Moja ya Mwalimu Gwantwa

Kwetu huku Isansa mtu hazikwi mpaka wasifu wake usomwe, na kwa miaka ishirini mwandishi na msomaji ni Mwalimu Gwantwa. Mwanamke mfupi, mstaafu wa shule ya msingi, mwandiko umenyooka utadhani kapiga rula. Mimi Jenista alinifundisha darasa la pili, alinichapa, na bado nampenda. Lakini nitasema, na mwenyewe anajua: Mwalimu alikuwa na sentensi yake moja, na sentensi hiyo ilituponza.

"Sisi tulimpenda, Mungu amempenda zaidi." Afe mzee wa miaka tisini, sentensi hiyo. Afe mama kwenye uzazi kwa sababu gari la wagonjwa halina mafuta, sentensi hiyo hiyo! Watu wanaitikia amina, wanafuta machozi, wanakwenda kula ugali na maharage. Basi, yamekwisha.

Mwaka juzi mkandarasi wa barabara alichimba moramu, udongo wa kushindilia barabara, kando ya njia ya watoto wa shule. Akaacha shimo la kumzidi mtu kimo, na udongo wa kulifukia umerundikwa pale pale pembeni, akaondoka zake. Mvua zikalijaza maji. Mwaka jana Enoka, miaka minane, akateleza humo akafa. Mwalimu akasoma: alizaliwa, alibatizwa, alipenda kuimba, Mungu amempenda zaidi. Neno shimo halikutajwa. Mwenyekiti wa kijiji alikaa mstari wa mbele akaitikia amina kuwashinda hata wafiwa. Kwa nini asiitikie? Mungu ndiye aliyebebeshwa mzigo wake.

Na nisimwonee Mwalimu peke yake. Shemeji yake, Nikodemo, hana amina wala haleluya. Kila msiba anakaa benchi la wanaume na maneno yale yale: "Dunia imeoza tangu zamani. Tumeumbwa kuumia. Mkifukia shimo moja, watachimba lingine." Vijana wanamwona mtu wa akili. Akili gani, jamani? Mmoja anasema yote ni heri, mwingine anasema yote ni balaa, na wote wawili hakuna aliyeshika jembe! Nilikuwa nawasikiliza damu inanichemka. Na mimi pia jembe sikushika, nisijifanye.

Februari mwaka huu akafa Lusungu, binti wa jirani yangu Recho. Miaka saba. Shimo lile lile.

Asubuhi ya maziko Mwalimu alikuja na daftari lake. Recho alikuwa kwenye mkeka, hajala siku mbili. Akamshika Mwalimu mkono.

"Shikamoo, Mwalimu. Nakuomba kitu kimoja. Usiseme Mungu kampenda zaidi. Mimi ndiye niliyempenda zaidi. Sema shimo."

"Marahaba, mwanangu," Mwalimu akasema. Akakaa jikoni kwangu akaandika mpaka chai ikapoa.

Mchungaji alipoona karatasi alimvuta pembeni. "Mwalimu, kaburini si mahali pa kulaumu. Tuwape watu tumaini."

"Tumaini gani, mchungaji, na mvua bado zinanyesha?"

Akasimama kaburini na karatasi mbili. Akasoma kuzaliwa kwa Lusungu, ubatizo wake, darasa lake. Halafu akasema, "Amekufa kwa kuzama kwenye shimo alilotuachia mkandarasi, ambalo mwenyekiti aliambiwa mara tatu, na ambalo sisi wote tunalipita kila Jumapili tukienda kusali."

Mwenyekiti akaanza kukohoa.

"Kohoa, baba, sijamaliza." Akafungua karatasi ya pili. "Hii ni ya Enoka. Mwaka jana niliisoma vibaya. Mama Enoka, unisamehe. Nilimsingizia Mungu. Ningesema shimo siku ile, leo Lusungu angekuwa shuleni."

Akaisoma upya yote, pamoja na shimo. Hakuna aliyeitikia amina.

Kaburi lilipokwisha kufukiwa, Mama Enoka, ambaye kanisani hakuwa amekanyaga tangu amzike mwanawe, alimnyang'anya mwanamume mmoja jembe akaondoka nalo. Akashika njia ya shimoni. Tukamfuata, wanawake kwanza, na vitenge vyetu vya msiba.

Tulichimba mfereji maji yakatoka, ndipo tukaanza kufukia. Siku tatu. Mchungaji alikuja siku ya pili amekunja suruali. Nikodemo alikuja ya tatu akisukuma toroli, ananung'unika kwamba watachimba lingine tu, na toroli haliachi. Mwenyekiti hatukumwona, na asingekaribishwa.

Udongo ulipolingana na njia, Mama Enoka alipanda juu akawa anaukanyagakanyaga kwa miguu mitupu. Mara akakaa chini, akaangua kilio ambacho mwaka jana hatukukisikia.

"Mwaka mzima nimemnunia Mungu," akasema, "kwa kazi ya mkandarasi."