Ngano Iliyokatwa Mara Mbili

Jioni hii nilirudi kutoka dukani Ngara miguu ikiniuma, nikamkuta mlinzi wa ploti yetu hapa Satellite ameinua jembe. Kando ya mtaro, pale anapowamwagia kuku wake chakula, ngano ilikuwa imeota. Nikamwambia asubiri.

"Lakini hii ni majani tu, mathe," akasema.

Nikachuma bua moja nikalipasua kwa ukucha. Mkono haujasahau, ingawa mimi mwenyewe nimechoka kukumbuka.

Unajua, rafiki yangu, hapa hapa palipo na ghorofa hizi palikuwa na kishamba cha nyanya yangu. Ujanani alifanya kazi kwenye mashamba ya ngano kule Njoro, akarudi na mazoea yake. Majirani walipanda mahindi na sukuma wiki, wakamcheka. Yeye alipanda ngano, na ikifika magotini pangu aliikata kwa mundu akampa ng'ombe, kisha akaiacha ichipuke tena izae nafaka. Nafaka hiyo ilikuwa ya chapati za Krismasi, siku pekee tuliyozila. Sisi wajukuu tulianza kumeza mate ngano ingali kijani.

Kabla ya kukata, nyanya alipasua bua kwanza. Suke huanza likiwa dogo sana, chini kabisa karibu na udongo, halafu hupanda ndani ya bua bila wewe kuliona. Likiwa bado chini, mundu utapita juu yake na ngano itazaa. Likishapanda, nyanya alizoea kusema, ukikata umekata chapati.

Mwaka mmoja mvua ilikatika. Ngano ilikuwa imekwisha kukatwa mara moja, ikachipuka, na masuke yalikuwa yanapanda. Ng'ombe alikuwa amezaa juzijuzi, mbavu nje, na ndama alivuta chuchu zisizotoa kitu. Hata nyasi za kando ya barabara zilikuwa zimeisha. Asubuhi moja nyanya alisimama shambani na mundu mkononi, akapasua bua, akanionyesha suke lenyewe, laini, la kijani. Nikaangua kilio. Sikumlilia ng'ombe, nililia chapati.

Hakunigombeza. "Wewe unaweza kungoja mwaka ujao," akaniambia. "Huyu hawezi."

Akakata shamba lote, polepole, mgongo umeinama, nami nikabeba majani huku kamasi zikinitoka.

Krismasi ile harufu ya chapati za jirani ilivuka ua bila hodi. Sisi tulikula viazi vitamu kwa chai nzito ya maziwa, na nyanya akatujazia vikombe tena na tena. "Ngano yenu ndiyo hiyo, kunyweni," akasema. Nilinuna, lakini nilikunywa.

Siku hizi chapati nanunua kibandani karibu kila jioni, kwa kuchoka kupika, na maziwa ni ya pakiti. Nazila nimesimama. Ninamkosa nyanya, na hata yule ng'ombe ninamkosa.

Bua la leo nalo lilikuwa na suke, limepanda tayari.

"Sasa ning'oe ama?" mlinzi akauliza.

Nikatazama mtaro, ukuta, magari yaliyoegeshwa. Hapakuwa na ng'ombe wala ndama wa kulisha.

"Wacha izae," nikamwambia. "Hakuna anayeihitaji leo."